Attenborough ni jina la wapi, na wenye jina hilo ni ukoo mmoja?

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari, Tanga. Wanafunzi wake wanamjua David Attenborough kwa filamu za wanyama, na mmoja wao akauliza jina hilo lina maana gani. "Kwetu Pwani," anaandika mwalimu, "ukisikia Shirazi au Hadhrami unajua mtu ananasibishwa na wapi. Je, Attenborough nalo ni nisba ya mahali? Wote wenye jina hilo ni ukoo mmoja? Na Waingereza wanalithibitishaje jambo kama hilo?"

Ndiyo mwalimu, ni nisba ya mahali. Na ndiyo, wanaume wengi wenye jina hilo leo wanashuka kwa babu mmoja upande wa kuumeni. Swali la tatu ndilo lenye kazi, na ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu njia inayotumika kwa Attenborough ndiyo hiyo hiyo kwa jina lolote adimu la Kiingereza.

Mahali penyewe ni kijiji cha Attenborough katika kaunti ya Nottinghamshire, ukingo wa kaskazini wa mto Trent, kama kilomita 7 kusini-magharibi ya jiji la Nottingham. Hapo karibu ndipo mto mdogo wa Erewash unapoingia Trent. Uweke akilini mto huo, maana ndio mpaka wa Nottinghamshire na Derbyshire, na umewapoteza watafiti wengi. Kanisa la kijiji, la Mtakatifu Maria, lilihudumia pia watu wa Chilwell na Toton. Humo alibatizwa Henry Ireton mwaka 1611, yule jemadari aliyekuja kuwa mkwe wa Oliver Cromwell, aliyeitawala Uingereza baada ya mfalme kuondolewa. Leo pembeni mwa kijiji kuna hifadhi ya ndege iliyotengenezwa kutokana na mashimo ya kuchimba kokoto, nayo ilifunguliwa na David Attenborough mwenyewe mwaka 1966.

Ufunguzi huo usikuhadae. Yeye hakuzaliwa pale: alizaliwa Isleworth, magharibi mwa London, mwaka 1926, akakulia Leicester. Kinachosema zaidi ni mahali alipozaliwa baba yake, Frederick, mwaka 1887: Stapleford, Nottinghamshire, kama kilomita 4 tu kutoka kijiji cha Attenborough. Jina lilizaliwa Zama za Kati, na miaka mia tano au zaidi baadaye tawi hili lilikuwa bado umbali wa kutembea kwa saa moja. Majina adimu ya mahali yana tabia hiyo.

Sasa maana. Sehemu ya pili, -borough, ni neno la Kiingereza cha kale, burh, na Kiswahili kinalo neno lake bila kuhangaika: boma. Sehemu ya kwanza ni jina la mtu, Adda. Maandishi ya karne ya 12 yanakiandika kijiji kwa herufi d, si kwa tt. Kwa hiyo ni boma la Adda, au boma linalohusiana na Adda. Huyo Adda aliishi kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kufika na kuiteka Uingereza mwaka 1066, na hana uhusiano wowote wa damu na ukoo unaobeba jina leo. Kijiji kilichukua jina la mtu, kisha mtu mwingine kabisa, karne kadhaa baadaye, akachukua jina la kijiji. Wanafunzi wako wakishika hilo tu, wamewapita watu wazima wengi.

Utakutana na maelezo mengine, kwamba "atten" ni "kwenye ile", na jina lote ni "anayekaa kwenye lile boma". Si ya kutupa moja kwa moja, maana yapo majina yaliyozaliwa hivyo. Nash ni "atten ash", penye mti uitwao ash kwa Kiingereza, na ile n imehama ikajibandika kwenye neno la pili. Lakini hebu tazama sarufi. Kiingereza cha kale kilikuwa na jinsia za maneno, kama Kiarabu kilivyo na mudhakari na muanathi. "Atten" ilitumika kwa maneno yasiyo ya kike. Kwa maneno ya kike ilikuwa "atter". Na burh ni neno la kike. Tena likitanguliwa na "at" lilibadilika umbo likawa byrig, ambalo ndilo lililotoa mwisho wa -bury. Kwa hiyo mtu wa "kwenye lile boma" alitakiwa aitwe Atterbury, na jina hilo lipo kweli: Francis Atterbury, askofu wa Rochester, alizaliwa mwaka 1663 Buckinghamshire, mbali na Trent. Ni kweli eneo la Nottinghamshire lilipoteza jinsia za maneno mapema kuliko kusini, kwa hiyo sarufi peke yake haimalizi hoja. Hata hivyo, mimi sioni sababu ya kuiacha njia ya kijiji, wakati jina limejaa pembezoni mwa kijiji chenyewe.

Hapo ndipo penye kanuni ambayo wengi huipindua. Jina la mahali hupewa mtu aliyepahama. Pale Tanga mtu haitwi "wa Tanga" mpaka afike Dar es Salaam. Vivyo hivyo, mkulima aliyekaa ndani ya kijiji cha Attenborough hakuwa na sababu ya kuitwa kwa jina la kijiji, kwa kuwa wote walikuwa wa humo. Alipohamia Stapleford, Beeston au ng'ambo ya Erewash, ndipo majirani walipomtaja kwa alikotoka. Wasioingia katika kanuni hiyo ni mabwana waliomiliki kijiji, maana wao waliitwa kwa jina la mali yao. Ukitafuta chanzo cha jina la mahali, basi, tafuta katika duara la kilomita 5 hadi 30 kulizunguka, na usishangae katikati ya duara pakiwa patupu.

Majina ya kurithi Uingereza yalianza na mabwana wa Kinormani baada ya 1066. Kwa watu wa kawaida wa kusini na katikati mwa nchi yalikuwa yamekaa sawa kufikia mwaka 1350 hivi. Kaskazini ilichukua karne moja zaidi. Kabla ya hapo "wa Attenborough" ilikuwa sawa na jina la tatu huku kwetu: Salim Juma Ali anazaa Hamisi, mtoto anaitwa Hamisi Salim Juma, na Ali ametoweka. Ukimkuta mtu anaitwa "wa Attenborough" katika hati ya mwaka 1250, hiyo inaweza kuwa sifa yake binafsi iliyokufa naye. Usimwandike kuwa ni babu wa ukoo mpaka uone mwana na mjukuu wanaitwa hivyo ilhali wanaishi kwingine.

Katikati ya mchakato huo ikaingia Tauni Kuu, 1348 na 1349, ikaua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Uingereza. Jina lililokuwa na kaya nne likabaki na moja, lililokuwa na moja likafutika. Ndiyo maana jina adimu lina nafasi kubwa ya kuwa na babu mmoja kuliko jina la kazi kama Smith, mhunzi, lililoanza upya katika kila kijiji chenye kiwanda cha chuma.

Tuje kwenye ramani, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ya uthibitisho. Watafiti huanza na sensa ya usiku wa tarehe 3 Aprili 1881, kwa sababu mbili: imenakiliwa yote, na watu wengi walikuwa bado hawajatawanywa na magari na vita. Usihesabu vichwa peke yake. Pima idadi kwa kila watu 100,000 wa wilaya. Tuseme, kwa mfano tu, wilaya yenye watu 40,000 ina watu 30 wa jina fulani: 30 gawa kwa 40,000, zidisha kwa 100,000, unapata 75. London nayo iwe na watu 30 wa jina hilo. Mwaka ule ilikuwa na watu kama milioni 3.8, kwa hiyo unapata 0.8 tu. Vichwa ni sawa, uzito ni tofauti karibu mara mia. London huvuta kila jina, ndiyo maana ukihesabu vichwa utadhani nusu ya majina ya Uingereza yalizaliwa huko.

Kwa Attenborough, uzito unaangukia Nottinghamshire, na mwingine unamwagikia Derbyshire. London ipo pia, na ina sababu inayojulikana: akina Attenborough walikuwa miongoni mwa wakopeshaji kwa rehani waliotajika sana jijini zama za Malkia Victoria. Wanasheria bado wanaisoma kesi ya Attenborough na Solomon, iliyochapishwa mwaka 1913, kuhusu vyombo vya fedha ambavyo msimamizi wa mirathi aliviweka rehani dukani kwao. Kundi kama hilo ni tawi lililohama, na linatambulika hivi: angalia safu ya mahali pa kuzaliwa katika sensa za mwanzo. Wazee wakiwa wamezaliwa mkoani na watoto London, umeona mwelekeo wa safari.

Mpaka wa Erewash ndio unaoharibu ramani hii. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837, ukipangwa kwa wilaya ambazo hazikufuata mipaka ya kaunti. Stapleford, iliyo Nottinghamshire, ilikuwa katika wilaya ya Shardlow, na kijiji cha Shardlow chenyewe kipo Derbyshire. Mtu anayehesabu vizazi kwa kutumia faharisi atawaona watoto wa Stapleford wameandikwa Shardlow, atawaweka Derbyshire, na ramani yake itasogea ng'ambo ya mto. Dawa yake ni kuacha kuchora kwa kaunti na kuchora kwa parokia, ukichukua mahali pa kuzaliwa kutoka kwenye sensa.

Mpaka huo huo unagawa wosia. Kabla ya tarehe 12 Januari 1858 wosia ulithibitishwa na mahakama za kanisa. Nottinghamshire ilikuwa chini ya jimbo la York hadi 1837, Derbyshire ilikuwa chini ya Lichfield. Ndugu wawili, mmoja Stapleford na mwingine kilomita 3 upande wa pili, wosia wao hauko jengo moja: wa kwanza utautafuta katika hifadhi za Nottingham au York, wa pili katika hifadhi ya Stafford yanakotunzwa mafaili ya Lichfield. Na wosia ndio hati tamu kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu humo mtu anataja "ndugu yangu wa mahali fulani" na "mtoto wa dada yangu". Daftari la ubatizo halikupi hilo.

Kurudi nyuma hufanywa hatua kwa hatua, kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Sensa za 1851 hadi 1921 zinataja umri na mahali pa kuzaliwa. Ile ya 1841 ni dhaifu: umri wa watu wazima, kuanzia miaka 15, ulitakiwa upunguzwe hadi kigawe cha 5, hivyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa ni "kaunti hii" au la. Wengi humkataa babu yao halali kwa sababu ya miaka hiyo minne. Kabla ya 1837 unaingia kwenye madaftari ya parokia, yaliyoamriwa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Mengi yanaanza 1558, kwa kuwa ilipoamriwa mwishoni mwa karne hiyo yanakiliwe upya kwenye ngozi, agizo lilikazia kuanzia mwaka wa kwanza wa Malkia Elizabeth, na makasisi wakaona hiyo inatosha. Daftari likiwa limeoza, tafuta nakala ya kila mwaka iliyopelekwa kwa askofu tangu 1598.

Kuna mtego wa tarehe. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa "10 Februari 1700" alibatizwa miezi kumi baada ya wazazi waliofunga ndoa "Aprili 1700", na kwa hesabu yetu ilikuwa 1701. Asiyejua hilo huandika kuwa mtoto alitangulia ndoa, kisha huanza kubuni mama mwingine. Andika tarehe zote za Januari hadi 24 Machi kwa miaka miwili, 1700/1701, na utalala vizuri.

Tahajia nayo ina mambo yake. Karani aliandika alichosikia, kwa hiyo Attenborrow na Attenburrow ni jina hilo hilo. Katika mwandiko wa zamani tt husomwa ll, hivyo wanaonakili huweka "Allenborough" na jina linapotea mbali kwenye orodha. Tafuta kwa alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, na ya kuuliza, inayosimama badala ya herufi moja: A*enb?r*. Usitegemee ile mbinu ya kompyuta iitwayo Soundex, inayogeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu. Attenborough inakuwa A351. Addenbrooke, jina la watu wa Staffordshire na jirani zake, ambalo John Addenbrooke aliyezaliwa Kingswinford mwaka 1680 aliliacha kwenye hospitali ya Cambridge, nalo linakuwa A351 hiyo hiyo. Mashine inakupa koo mbili zisizojuana kana kwamba ni moja.

Hati zikiisha, kuna kromosomu Y, sehemu ya DNA, yaani vinasaba, waliyo nayo wanaume. Hiyo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana tu, njia ile ile ya jina la ukoo la Kiingereza. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti wa wanaume zaidi ya 1,600 wenye majina 40. Wenye jina Smith hawakufanana kuliko wanaume waliookotwa njiani. Kati ya akina Attenborough, karibu tisa katika kila kumi walikuwa na aina moja ya kromosomu Y. Na chuo hicho ndicho kilichokua kutoka katika kile ambacho Frederick Attenborough alikiongoza kuanzia 1932 hadi 1951.

Namba hiyo isomwe kwa uangalifu. Chukua miaka 700 kwa kizazi cha miaka 30, unapata vizazi 23. Ikiwa katika kila kizazi mwana mmoja kati ya 100 anabeba jina bila kubeba Y yake, baada ya vizazi 23 wanabaki asilimia 79 wenye Y ya mwanzo. Wakiwa wawili kati ya 100, wanabaki 63. Sababu si zinaa peke yake, na nawaomba walimu wasilifanye hilo kuwa kichekesho darasani: kuna mtoto wa kulea aliyechukua jina la mlezi, mtoto wa mama asiye na mume aliyechukua jina la mamaye, na mwanamume aliyechukua jina la ukoo wa mkewe ili arithi shamba. Tisa kwa kumi ni kiwango cha juu, na kinaonyesha kwamba jina lilipita kwenye mlango mwembamba: nasaba chache zilibaki, moja ikazaa zaidi. Lakini hakisemi kwamba mwaka 1300 palikuwa na mtu mmoja tu aliyeitwa hivyo. Wengine waweza kuwepo, wakafa bila wana. DNA inazungumzia walionusurika. Na yule mmoja kwa kumi asiyelingana ni Attenborough kamili kwa jina, kwa malezi na kwa hati.

Kundi hilo la Leicester ndilo lililotoa, mwaka 2007, habari inayotugusa Waafrika. Kati ya wanaume 18 wa jina moja adimu la Yorkshire, ambalo taarifa yao ililificha, 7 walikuwa na Y ya kundi A1, linalopatikana Afrika Magharibi. Hati ziliwafikisha kwenye nasaba mbili za Yorkshire za miaka ya 1780, na ndugu wa nasaba hizo mbili wanakutana nyuma zaidi. Hao wanaume walikuwa Waingereza wa kawaida wasiojua chochote juu ya hilo. Jina adimu ndilo lililowezesha ugunduzi, kwa sababu lingekuwa Smith, wasingetafutana.

Darasa lako, mwalimu, linaweza kufanya zoezi hili bila kutoka Tanga. Mapigano ya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 yaliacha makaburi ya askari wa Kiingereza hapo mjini, na kikosi kimoja kilichopigana kilikuwa cha Loyal North Lancashire, kilichoandikisha vijana wa pande za Preston na Bolton. Lancashire ni kaunti tajiri wa majina adimu ya mahali: Entwistle, kwa mfano, ni kitongoji kaskazini mwa Bolton, na -twistle ni njia panda ya mito. Chagueni majina matano yasiyo ya kawaida kutoka orodha ya makaburi ya vita, ambayo mara nyingi hutaja wazazi na mji wao. Lifuateni kila jina katika sensa ya 1881, mpime kwa kila watu 100,000, kisha mtafute kitongoji chenye jina hilo ndani ya kilomita 30. Askari aliyekuwa tayari jeshini ng'ambo msimtafute nyumbani mwaka 1911, kwa kuwa sensa hiyo iliwaandika wanajeshi wa ng'ambo katika kambi zao. Mtafuteni mama yake.